Mtihani wa Mzee Taratibu

Mimi ni mwalimu wa chekechea, na kazi hiyo imeniharibu. Nikikaa na watu wazima natamani kuwauliza kama wamenawa mikono. Nikimsikia mtu anadakia maneno ya mwenzake, kidole changu kinakwenda chenyewe mdomoni: shii. Mume wangu husema ndoa yetu yote ameiishi katika darasa la watoto wadogo, na hajawahi kupandishwa darasa.

Yeye ni mwendesha pikipiki. Kituoni kwao, kwenye kona ya duka la dawa, wanamwita Mzee Taratibu. Vijana walimpa jina hilo kwa kumcheka, kwa sababu hajipenyezi kati ya malori, hapandi njia ya waendao kwa miguu, na mvua ikianza anaegesha chini ya kibaraza hadi iishe. Lakini mama mwenye mtoto mchanga akifika pale, anawapita vijana wote na miwani yao ya jua, anamwendea Mzee Taratibu. Kobe huchekwa na kila mtu, ila mwenye mayai hampi sungura ambebee.

Abiria wake wa kwanza kila asubuhi ni mjukuu wetu wa kike, mtoto wa miaka sita, tunayeishi naye kwa sababu mama yake, binti yetu, anafanya kazi mji mwingine. Babu anamvalisha helmeti ndogo, anamfunga kamba ya kidevu, anapitisha kidole kuona kama imebana, ndipo wanaondoka kwenda shule. Mimi natembea kwa miguu hadi chekecheani kwangu, upande mwingine kabisa. Tuliishi hivyo kwa amani hadi tangazo lilipotoka.

Tangazo lilisema kila mwendesha pikipiki, mgeni na mkongwe, afanye mtihani wa maandishi wa sheria za barabarani ndipo apewe leseni mpya. Atakayeshindwa, pikipiki yake ibaki nyumbani. Vijana wakakimbilia kitabu cha maswali. Mume wangu alikuja na chake amekikunja kwenye mfuko wa nyuma, amekikalia kutwa nzima, akakiweka mezani kikiwa kimepinda.

"Mwalimu," akasema, "leo umepata mwanafunzi mwenye mvi."

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Haya, kaa."

Tukaanza. Nilikaa kwenye kiti cha mbao, yeye kwenye kochi, mjukuu chini na penseli zake za rangi.

"Swali la kwanza," nikasema. "Wewe na gari mmefika njia panda kwa wakati mmoja. Hakuna taa, hakuna alama. Nani apite kwanza?"

"Gari."

"Kwa nini?"

"Kubwa."

"Kitabu hakisemi hivyo."

"Kitabu hakina mifupa."

Nilicheka hadi nikajifuta macho. Swali la pili lilikuwa la taa ya njano. Akasema yeye akiiona taa ya njano hutazama nyuma kwanza. Nikamwambia kitabu kinataka asimame. "Nitasimama," akasema, "lakini kwanza nijue kama aliye nyuma yangu naye amesoma kitabu." Majibu yake yote yalikuwa ya namna hiyo. Yalikuwa majibu ya mtu aliyefanya kazi barabarani umri wake wote na bado ana miguu yote miwili, na kila moja lingempatia sifuri. Nikamweleza lililo sahihi, akarudia baada yangu, akainamisha kichwa kwa heshima. Nikaona mambo yatakuwa mepesi.

Kesho yake nikauliza tena swali la njia panda. "Gari," akasema. Kwa nini? "Kubwa." Nikamkumbusha kitabu, akaniambia kitabu hakina mifupa. Nilitabasamu, maana mzaha mzuri unaweza kurudiwa. Siku iliyofuata aliurudia tena, kwa sauti ileile, kisha akanitazama akingoja nicheke.

Nilikasirika. Nimezoea watoto wanaosahau, lakini huyu nilimwona ananichezea. "Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia. "Siku zote hizi tuko ukurasa wa kwanza!"

"Mwalimu, si ndiyo kwanza tunafungua kitabu?"

"Usinitanie."

Hakuwa anatania. Alikichukua kitabu, akakigeuza, akakirudisha mezani polepole. "Mambo ya kitabu hayakai," akasema. "Yanaingia vizuri tu, ila hayakai."

Basi mimi, na ualimu wangu wote, nikasikia maneno hayo kama mwalimu. Sikuyasikia kama mke. Ninao watoto wengi ambao mambo hayakai kwao, na dawa yao naijua. Asiyeshika kwa kuambiwa hushika kwa kuimbiwa. Chekechea nzima inaendeshwa hivyo: tunaimba kuvaa viatu, tunaimba siku za wiki, tunaimba kwenda chooni. Nikachukua wimbo wa kunawa mikono, nikauondolea maji na sabuni, nikaujaza barabara.

*Kioo kwanza, taa ya pili,*
*geuza shingo, fungua akili.*
*Mvua ikinyesha, punguza mwendo,*
*breki zote mbili, kwa upendo.*

"Breki kwa upendo?" akauliza.

"Nimetafuta kina. Usinisumbue."

Kila swali likapata ubeti wake. Mzunguko wa barabara ukapata wake wa kumpisha aliyekwisha kuingia, taa ya njano wake, helmeti wake, pombe wake, umbali wa kuachiana na gari la mbele wake. Na jamani, yakakaa! Aliimba akioga, aliimba akipangusa mnyororo wa pikipiki kwa tambara. Mjukuu aliimba naye, mmoja ubeti huu, mwingine ule. Vijana wa kituoni nao wakaupenda, wakawa wanauimba wakingoja abiria, watu wazima na ndevu zao. Nikimuuliza swali lolote anaanza kuimba chini chini, akilifikia jibu ananyoosha kidole juu: hapo! Nilimpigia binti yetu simu kumringia. "Baba yako ameshika kitabu kizima," nikamwambia, "na aliyemfundisha unamjua." Wiki hiyo nilitembea kifua mbele.

Jumamosi nilihitaji karatasi za rangi za darasani, nikapanda pikipiki nyuma yake kwenda duka la vifaa vya shule. Njiani kuna mzunguko mkubwa wenye mnara wa saa katikati. Alipoukaribia alipunguza mwendo, nikamsikia akiimba ndani ya helmeti. Akampisha aliyemo, akawasha taa ya ishara, akaingia vizuri kabisa. Tukaipita njia ya dukani.

"Tumepita," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Tukazunguka, tukaipita tena.

"Baba, mzunguko umekunogea leo?"

Tulipoipita mara nyingine nilimgonga bega na kutazama kioo chake cha pembeni, nikayaona macho yake. Sikuwahi kuyaona macho yale kwake, lakini nayafahamu. Ni ya mtoto siku yake ya kwanza chekecheani, mama akishaondoka, anapotazama mlango huu na ule na hajui aliingilia upi. Nikaogopa, nikamkumbatia kiuno kwa nguvu.

Alitoka kwenye mzunguko kwa njia yoyote iliyokuwa mbele yake, akaegesha pembeni, akazima injini.

"Wamebadilisha hizi njia," akasema. "Siku hizi wanabadilisha kila kitu, hawatangazi."

Hakuna aliyebadilisha chochote. Mnara ule wa saa tuliupita siku ya harusi yetu. Nikamwonyesha kwa kidole, "Duka lile pale," nikasema, naye akasema, "Naliona, naliona," tukaenda, tukanunua, tukarudi, na njia nzima alikuwa anapiga soga kama mtu asiye na jambo.

Nyumbani nilimvuta mjukuu chumbani.

"Mkienda shule, babu hupita wapi?"

"Ninapomwambia."

"Unamwambia vipi?"

"Nikimgonga bega la huku tunakata huku. Nikimgonga la huku tunakata huku." Alinionyesha kwa viganja vyake kwenye mabega yangu. "Ni mchezo wetu, bibi. Babu alisema tusikwambie."

Kumbe alijua. Alikuwa anajua na anaficha, na aliyemtunzia siri ni mtoto ambaye bado hajui kufunga kamba za viatu. Na mimi nilikuwa nimempa wimbo. Nilikaa kitandani nikijiona mjinga wa kutupwa, kwa sababu jambo hili ndilo ninalowaonya walimu wapya kila mwaka. Mtoto atakuimbia moja hadi ishirini bila kukosea, ukimwomba akuhesabie maharage saba anakujazia kiganja. Wimbo haukai mahali pamoja na akili. Nawaambia wasidanganywe na wimbo, wampe mtoto maharage.

Nilimwambia jioni ileile, kabla ujasiri haujaniishia. Alikuwa ameketi kibarazani anapaka viatu rangi.

"Unasahau," nikamwambia. "Si kama watu wanavyosahau. Unapotea."

"Nani hasahau? Juzi nani aliunguza sufuria?"

"Mimi. Lakini jiko nalijua liko wapi."

Akaendelea kupaka kiatu kilekile, ambacho kilikwisha kung'aa. "Nikiwa juu ya pikipiki, Mwalimu, mikono inajua. Klachi inajua, breki inajua. Ni hizi njia tu." Akaweka brashi chini. "Ukininyang'anya pikipiki nitakaa hapa nifanye nini? Nikungoje wewe utoke kazini?"

Nilikichukua kile kiatu kinachong'aa, nikampa cha pili. 

Tangu Jumatatu nilimpeleka mjukuu mwenyewe, kwa miguu, nikawa nachelewa kazini. Babu alisimama mlangoni ameshika helmeti ndogo, hakuelewa amekosa nini, na mtoto alilia njia nzima kwa sababu mchezo wake umekatizwa. Huyo angalau nilimwondoa barabarani. Aliyebaki ni babu mwenyewe, na kila mama mwenye kichanga aliyewapita vijana wote kumfuata yeye.

Nikampigia binti yetu. "Mama," akaniambia, "ni uzee tu. Hata mimi natafuta simu nikiwa nimeishika. Na si wewe uliyesema ameshika kitabu kizima?" Nikamwambia kitabu si barabara. Akasema atakuja likizo tukae tuzungumze. Likizo ilikuwa mbali, na mtihani ulikuwa wiki ileile.

Hapo ndipo matumaini yangu yote yakahamia kwenye mtihani. Nikasema watu wa leseni ni wataalamu, wana kazi ya kuchuja, watamchuja. Siku yenyewe nilimsindikiza. Mtihani ulifanyikia kwenye ukumbi wenye madawati marefu na feni moja inayozunguka kwa kulalamika. Kabla hawajaingia nilimfuata afisa msimamizi, bwana mmoja mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, nikamvuta pembeni.

"Mume wangu yule wa koti la kijivu," nikasema. "Naomba msimpe leseni."

Alinitazama juu chini. Nadhani alifikiri tumegombana.

"Anapoteza kumbukumbu," nikasema. "Hajui njia. Anaweza kuua mtu, anaweza kufa."

"Ana barua ya daktari?"

"Hakubali kwenda kwa daktari."

"Basi mama, usiwe na wasiwasi." Alinigusa bega kwa upole kabisa. "Mtihani ndio utakaosema. Kama hana kumbukumbu atafeli, hakuna ujanja hapa. Sisi ndio kazi yetu."

Nilitoka nje nikasimama dirishani. Mume wangu aliketi safu ya pili, karatasi mbele yake, kalamu mkononi. Nikaomba afeli. Mimi niliyemfundisha, niliyetafuta vina hadi kichwa kikauma, nilisimama kwenye jua nikimwomba Mungu amfelishe mume wangu. Aliisoma karatasi kwa muda, nikaona uso wake umeingia giza, nikasema asante Mungu. Kisha midomo yake ikaanza kucheza. Kichwa kikaenda kushoto, kikaenda kulia, na mguu ukagonga sakafu polepole. Alikuwa anaimba. Akafika kwenye jibu, akainua kidole kidogo, akaandika. Akaanza ubeti mwingine.

Nilitamani kulivunja lile dirisha.

Matokeo yalisomwa palepale. Alikosa swali moja tu, na hakuna aliyemzidi katika ukumbi mzima. Vijana wa kituoni walipiga makofi na miluzi, wakambeba juu juu, "Mzee Taratibu! Mzee Taratibu!" na yeye anacheka, koti limepanda mgongoni, amenitafuta kwa macho katika umati hadi akaniona.

"Mwalimu!" akapaza sauti. "Nimepandishwa darasa!"

Nilimpigia makofi. Ningefanya nini? Yule afisa alipita karibu yangu na mafaili yake. "Si nilikwambia, mama?" akasema kwa furaha. "Mtihani umesema."

Sikukata tamaa siku hiyohiyo. Jioni, alipokuwa anaoga, niliuchukua ufunguo wa pikipiki nikautumbukiza kwenye kopo la unga. Asubuhi akaanza kuutafuta. Alipekua mifuko, akainua mito ya kochi, akatazama chini ya kitanda, akarudi kwenye mifuko ileile. Mimi nafagia, nimeinamisha uso. Mwishowe alisimama katikati ya sebule, mikono imening'inia.

"Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ndogo, "hivi nilikuwa natafuta nini?"

"Miwani," nikasema.

Nikampa miwani yake, akashukuru, akaivaa, akaketi. Nilikwenda jikoni nikalia kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Nikasema basi, kama ni wizi, nitakuwa mwizi. Na ingeishia hapo kama duniani kungekuwa na watu wabaya tu. Waliniangusha watu wema. Mchana vijana wa kituoni walikuja na soda kumpongeza. Wakauliza mbona leo hakuonekana, abiria wake wamemngoja. Akasema hajui. Mmoja wao, fundi pikipiki, akaiona pikipiki imeegeshwa bila ufunguo.

"Mzee umepoteza ufunguo? Kumbe ndilo lililokukalisha! Hilo nalo ni jambo?"

"Mwacheni apumzike," nikasema. "Amechoka na mtihani."

"Mama, mzee huyu akipumzika sisi tutapata wapi mfano?" Wakacheka wote. Kabla soda hazijaisha, fundi alikuwa amefungua kitasa cha kuwashia na kukibadilisha, na funguo mbili mpya ziko kwenye kiganja cha mume wangu. Niliwaita wale vijana uani mmoja mmoja, nikawaeleza. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja akasema hata babu yake yuko hivyo. Fundi akasema, "Lakini mama, mbona amekuwa wa kwanza?" Na mimi ningemjibuje, kwamba huo ulikuwa wimbo wa kunawa mikono?

Basi nikabaki na njia moja. Kama siwezi kumshusha, nitapanda. Niliomba likizo chekecheani nikisema naumwa, na sikudanganya sana. Kila alikokwenda nilikaa nyuma yake, na nikikaa mimi hakuna abiria mwingine wa kupanda, kwa sababu sheria inaruhusu mmoja tu, na sheria aliijua barabara. Alifurahi. Aliwaambia kituoni kwamba sasa ana abiria wa kudumu asiyelipa. Nilifanya kama mjukuu alivyofanya: bega hili, bega lile. Alinitii kama anavyotii taa. Kuna wakati upepo ulinipiga usoni, nikaegemea mgongo wake, nikasahau kwa kitambo kwamba mimi ni mlinzi. Nikafikiri pengine tutaweza kuishi hivi hadi binti yetu aje.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka sokoni, mimi na kikapu changu cha mboga mapajani. Taa nyekundu ikawaka, akasimama nyuma ya mstari, mguu chini, breki zote mbili. Kulikuwa na jua kali. Aligeuza kichwa kidogo, nikaona shavu lake na pembe ya tabasamu lake lile la kazini.

"Samahani, mama," akasema. "Nikushushe wapi?"

Nilidhani mzaha. Nikangoja acheke. Nyuma yetu gari likapiga honi, taa ilikuwa imeshageuka kijani, na yeye alikuwa bado anangoja jibu langu kwa subira, jinsi anavyowangoja wazee wanaosahau majina ya mitaa.

"Mbele," nikasema. "Nyoosha mbele, kisha mkono wa kushoto."

"Hakuna shida, mama. Shikilia vizuri."

Nikamwelekeza hadi nyumbani. Nilisema moyoni akifika atazinduka. Ataliona geti letu, geti alilolipaka rangi mwenyewe na kunipaka na mimi pua, atazinduka. Alipunguza mwendo, akawasha taa, akaegesha taratibu kando ya ukuta. Alilitazama geti.

"Mnaishi pazuri, mama," akasema.

Nikashuka. Alinyoosha mkono, nikafikiri ananipa wa kushika, kumbe anataka helmeti. Nikaivua nikampa. Hadi leo najiuliza kwa nini niliivua, kwa nini sikung'ang'ania pale pale juu ya kiti, lakini aliiomba kwa adabu sana na mikono yangu ilitii kabla yangu. Aliitundika kwenye usukani.

"Mume wangu," nikasema. "Zima pikipiki, tuingie ndani."

Aliona haya. Alishusha macho, akacheka kidogo, jinsi mwanaume mwenye heshima zake anavyocheka akitaniwa na mama wa watu.

"Asante, mama. Karibu tena siku nyingine," akasema, akaingiza gia.

Nilimshika mkono wa koti. Uliteleza. Alitazama kioo, akawasha taa, akageuza shingo, akaliacha lori lipite, akaingia barabarani bila kosa hata moja. Nilitupa kikapu nikamkimbilia, kanga imeniponyoka, nikimwita kwa kila jina nililowahi kumwita tangu ujana wetu, nikipunga mikono yote miwili katikati ya njia. Akaniona kwenye kioo. Najua aliniona, kwa sababu alinipigia honi mara mbili, fupi fupi, anavyowaaga wateja wake wote, kisha akafika kwenye kona na kukata upande ambao hakuna mtu wetu yeyote anayeishi.